Hamilton 992: miezi 18 na saa ya mfukoni ya watu wa reli

Saa ninayoieleza hapa ni Hamilton 992, saa ya mfukoni yenye ukubwa wa 16 kwa kipimo cha Marekani na vito 21 (mawe madogo magumu yanayopunguza msuguano ndani ya mtambo), ambayo mtambo wake, kwa kuangalia namba iliyochongwa juu yake, ulitoka kiwandani Lancaster, Pennsylvania, katika miaka ya 1920. Nina saa nyingine za zamani zinazokaa kisandukuni, lakini hii nimeibeba kila siku kwa miezi 18. Kwa hiyo ninaweza kuizungumzia kama chombo cha kazi, jambo ambalo ndilo lililokusudiwa na walioiunda.

Nianze na kosa nililolifanya wakati wa kuinunua, kwa sababu naamini wakusanyaji wengi wapya hulifanya. Muuzaji aliitangaza kuwa imefanyiwa matengenezo na inatembea vizuri. Kulikuwa na picha tano, nne za kasha na moja ya uso wa saa, na hakuna hata moja ya mtambo. Nilivutiwa na kasha lililong'aa, nikalipa. Ilipofika ilikuwa inatembea kweli, lakini katika siku ya kwanza ilichelewa dakika sita, na nilipoitundika wima usiku ilisimama kabisa. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikaona mafuta yaliyokauka na kuwa kahawia kuzunguka vito, na kichwa cha parafujo moja kikiwa kimechubuliwa na bisibisi isiyolingana nacho. Saa kutembea si ushahidi kwamba imehudumiwa: kamani yenye nguvu inaweza kuyasukuma magurudumu makavu kwa miaka, huku ncha za mihimili zikilika kidogo kidogo bila mwenye saa kujua. Tangu siku hiyo sinunui saa ambayo sijauona mtambo wake katika picha kubwa na safi, hata muuzaji akiapa.

Mtambo wenyewe, hata ukiwa mchafu vile, ulinifanya nisiirudishe. Mabamba yake ya nikeli yamechorwa nakshi ya mawimbi ambayo hubadilika kila mwanga unapohama, na katikati yake linaonekana gurudumu kubwa la dhahabu. Uzuri huu wote ulifichwa nyuma ya kifuniko kisicho na kioo, mahali ambapo mnunuzi wa kawaida asingetazama ila siku ya kununua na siku ya kupeleka kwa fundi. Vito navyo si pambo. Saba vya kwanza vinahudumia gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku kupima muda, na uma wake: viwili vyenye matundu na viwili vya kufunika kwenye mhimili wa mizani, kimoja kinachopokea msukumo, na viwili vya uma vinavyozuia na kuachia meno ya gurudumu la kuachilia. Vinane vingine vinashika ncha za uma, za gurudumu la kuachilia, na za magurudumu mawili yanayolifuata. Viwili vinashika gurudumu la katikati, na hapo tunafika 17. Vinne vinavyobaki ni vya kufunika ncha za uma na za gurudumu la kuachilia, ili ncha zisimame juu ya jiwe gumu lililosuguliwa na mafuta yasitawanyike. Kila kito, basi, kina mahali pake na sababu yake, na mtu akikuuzia saa kwa kutaja idadi ya vito peke yake, mwombe akuonyeshe vilipo.

Sababu ya saa hii kuundwa kwa uangalifu kiasi hicho inatokana na reli za Marekani. Mwezi Aprili 1891 treni mbili ziligongana karibu na Kipton, Ohio, watu wakafa, na chanzo kinachosimuliwa ni saa ya dereva iliyosimama kwa dakika chache kisha ikaendelea kutembea bila yeye kugundua. Baada ya ajali hiyo Webb C. Ball, mfanyabiashara wa saa wa Cleveland, alipewa kazi ya kupanga ukaguzi wa saa za wafanyakazi wa reli, na viwango vilivyokomaa miaka iliyofuata vilidai saa yenye uso ulio wazi (usiofunikwa na kifuniko), ukubwa wa 16 au 18, vito visivyopungua 17, namba zinazosomeka bila shida, urekebishaji katika mikao mitano (ikiwa imelala, imesimama na kadhalika), na kosa lisilozidi sekunde 30 kwa wiki. Kampuni ya Hamilton ilianzishwa mwaka uliofuata ajali, 1892, na 992 ikawa miongoni mwa saa zilizobebwa na madereva na makondakta wengi.

Kiwango kingine kinaonekana kila mara ninapotaka kurekebisha saa. Huwezi kuvuta kichwa cha juu ukazungusha akrabu. Inakubidi ufungue fremu ya kioo, uvute wenzo mdogo uliojificha ukingoni mwa uso, uzungushe kichwa cha juu, kisha uurudishe wenzo. Mwanzoni nilikereka, lakini baada ya wiki chache nikaelewa: akrabu hazihami kwa bahati mbaya wakati mtu anaitia saa ufunguo gizani. (Lugha yetu bado inasema kutia saa ufunguo, ingawa hii haina ufunguo wowote, msemo umehifadhi kumbukumbu ya saa za kale ambazo kweli zilijazwa kwa ufunguo wa pembeni, na hilo hunifurahisha kila asubuhi.)

Fundi niliyempelekea aliifumua yote, akaisafisha, akabadilisha kamani kuu ya feleji, iliyokuwa imelegea na kupoteza nguvu, kwa kamani ya kisasa ya aloi, kisha akatia mafuta ya aina tatu mahali tofauti. Kwenye mashine ya kupimia mwendo, bembea ya gurudumu la mizani ilikuwa nyuzi 180 kabla ya kazi. Baada ya kazi ilifika 275 saa ikiwa imelala. Saa inapiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kwa sekunde, na sasa mdundo wake ni sawa na safi kiasi kwamba ninaweza kuusikia meza nzima ikiwa kimya.

Matokeo ya matumizi ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Ikiwa imelala uso juu inawahi sekunde nne kwa siku. Ikiwa wima mfukoni inachelewa sekunde tatu. Nikiibeba mchana na kuilaza usiku, makosa hayo mawili yanakaribia kufutana, na katika wiki yangu bora ilikosea sekunde tano tu. Naitia ufunguo kila asubuhi muda uleule, kwa sababu kamani iliyo karibu kwisha haisukumi kwa nguvu sawa na iliyojaa. Joto pia halikuisumbua sana. Ukingo wa gurudumu la mizani umetengenezwa kwa metali mbili zilizounganishwa, shaba ya manjano nje na feleji ndani, na umekatwa mahali pawili. Joto linapopanda ncha zake hujikunja kuelekea ndani na kufidia ulegevu wa kamani nyembamba inayoliyumbisha gurudumu hilo.

Udhaifu upo, na ni wa saa zote za umri huu. Wakati mmoja niliiacha kando ya spika, na jioni ilikuwa imewahi zaidi ya dakika kumi: kamani nyembamba ya feleji ilikuwa imeshika usumaku, mizunguko yake ikawa inanatana. Fundi aliuondoa usumaku kwa dakika moja, lakini hofu niliyoipata haikuwa ndogo. Anayeishi katikati ya vifaa vya umeme afikirie 992B iliyoanza kutengenezwa mwaka 1940, ambayo kamani yake ni ya aloi isiyoathirika kirahisi hivyo. Tena, mhimili wa mizani hauna kinga dhidi ya kuanguka. Naitumia na mnyororo siku zote.

Kuhusu kasha, namba yake hailingani na ya mtambo, na hilo halinisumbui hata kidogo, kwa kuwa mitambo na makasha ya Marekani mara nyingi viliuzwa kila kimoja peke yake na mnunuzi akajichagulia. Nilichokiangalia ni alama za parafujo zinazoushika mtambo ndani ya kasha. Zipo jozi moja tu, na nafasi ya wenzo imekatwa mahali pake, kwa hiyo naamini viwili hivi vimekaa pamoja muda mrefu. Uso wa enameli una ufa mwembamba unaoanzia namba 7, na nimeuacha ulivyo.

Ndani ya kifuniko cha nyuma, kwa lenzi, zinasomeka alama nne ndogo zilizokwaruzwa na mafundi waliowahi kuihudumia, kila mmoja kwa mwandiko wake. Fundi wangu aliniuliza kama aziache peke yake. Nilimwomba aweke ya tano chini yake, ndogo kama zile, pamoja na mwaka.