CP-SAT kwenye ratiba ya vipindi: uzoefu wangu wa mihula miwili

Kwa miaka sita ratiba ya shule niliipanga kwa mkono, karatasi kubwa ya mirabamiraba, penseli na kifutio. Tuna madarasa 14, walimu 26 na vipindi 40 kwa wiki. Ukihamisha Hisabati ya darasa moja, mwalimu wake anagongana na darasa jingine; ukimwondoa huko, unabomoa ulichokimaliza jana. Sasa ni muhula wa pili natumia CP-SAT, kitatuzi kinachotafuta jibu linalotimiza masharti unayoyaweka, kilichomo ndani ya OR-Tools, programu huria ya Google ninayoiita kutoka Python, lugha ya kuandikia programu. Ni ya bure, na penseli sirudii.

Kinachohitaji kuzoewa ni kwamba huielezi namna ya kupanga. Unaieleza ratiba halali ikoje, basi. Kwangu kila somo la kila darasa lina kigeu, yaani namba ambayo programu yenyewe inaichagua, katika kila kipindi: 1 likiwepo, 0 lisipokuwepo. Masomo 10, madarasa 14, vipindi 40, hivyo vigeu 5,600. Kisha masharti: darasa lisiwe na masomo mawili kwa wakati mmoja, mwalimu asiwe madarasa mawili, kila somo litimize vipindi vyake. Inafanya kazi kwa namba kamili tu. Ukitaka nusu, zidisha kila kitu kwa mbili.

Mwaka 1976 Shimon Even, Alon Itai na Adi Shamir walithibitisha kwamba ratiba ya walimu na madarasa, pale walimu wanapokuwa na saa wasizopatikana, ni NP-complete. Kwa maneno mengine, hakuna anayejua njia ya haraka inayofaa kila hali. Ndiyo maana jibu la kwanza nililopewa lilinigusa sana: haiwezekani. Lilikuja ndani ya sekunde chache. Na si kwamba imetafuta ikachoka, maana muda ukiisha bila jibu inakwambia hivyo waziwazi. Hapa ilikuwa imethibitisha kwamba ratiba niliyoiomba haipo.

Nilidhani nimekosea kodi, yaani maelekezo niliyoyaandika kwa Python. Nikaanza kuondoa masharti kundi kwa kundi, na nilipofika kwenye maabara, ratiba ikapatikana. Nikachukua karatasi nikahesabu: mwaka huu tuliamua kila darasa lipate vipindi 3 vya maabara. Madarasa 14 mara 3 ni 42. Maabara ni moja, wiki ina 40. Kwa penseli ningesogezasogeza vipindi usiku kucha, nikiamini kosa ni langu. Tulipunguza kipindi kimoja kwa madarasa mawili, tukaendelea.

Baada ya hapo niliweka masharti laini, yale yanayoweza kuvunjwa kwa faini: pointi 1 kwa kila pengo katikati ya siku ya mwalimu, pointi 3 Hisabati ikiangukia kipindi cha mwisho. Hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Inapoendelea kutafuta inaonyesha namba mbili: faini ya ratiba bora iliyopatikana mpaka sasa, na mpaka wa chini, yaani faini ambayo hakuna ratiba inayoweza kushuka chini yake. Mwanzoni zilikuwa 88 na 31. Niliziangalia zikikaribiana, moja ikishuka, nyingine ikipanda, mpaka dakika ya 23 zikakutana kwenye 51. Chini ya hapo hakuna kitu, na hilo hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu ratiba zangu za mkono.

Kwa asiyeandika kodi, jaribu FET, programu nyingine ya kupanga ratiba za shule, nayo ni ya bure na ina madirisha ya kujazia tu. Mpaka wa chini ndio uliofanya nibaki huku.

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Mwalimu, naweza kuachiwa vipindi viwili vya mwisho Ijumaa? Mama yangu ana kliniki." Nikaongeza sharti moja, nikaendesha tena. Zikakutana kwenye 54. Ombi lake liligharimu pointi 3, yaani mapengo matatu kwa walimu wawili wengine. Nikawapelekea hao wawili ratiba zote mbili wazione, wakakubali siku hiyohiyo.