Nilinunua kifurushi cha "historia ya jina lako" kwa ajili ya mume wangu: uzoefu wangu

Jina la ukoo la mume wangu ni Washington. Ni Mmarekani mweusi, kwao Mississippi. Mimi ni wa Tanga. Kwetu mtu akikuuliza wewe nani, unataja jina lako, la baba na la babu, na hapo keshajua mlango wenu. Mwenzangu alikuwa na neno moja tu, na neno lenyewe liko kwenye mji mkuu na kwenye noti ya dola moja. Alipotimiza miaka 50 nikaagiza zawadi kwenye kampuni moja ya mtandaoni inayouza historia za majina. Dola 139, usafirishaji mbali.

Kilichofika ni picha ya ngao (nembo ya familia) ndani ya fremu, kijitabu cha kurasa 24, na akaunti ya miezi sita ya kupekua sensa na rejesta za zamani.

Naanza na ngao, maana ndiyo iliyonikera. Fremu inang'aa kama dhahabu mpaka uguse kona, ni plastiki, na msumari wa kutundikia ulikuja umepinda. Picha yenyewe nzuri: mistari miwili myekundu iliyolala juu ya weupe, na nyota tatu nyekundu juu yake. Kama umewahi kuiona bendera ya jiji la Washington, D.C., ndiyo hiyo hiyo. Jiji liliichukua mwaka 1938 kutoka kwenye nembo ya familia ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Chini wameandika "Ngao ya Ukoo wa Washington", na hapo ndipo wanapokula hela za watu. Uingereza ngao hupewa mtu, ikarithiwa na uzao wake. Jina peke yake halina ngao. Ni sawa na kudai nyumba ya Juma wa mtaa wa pili kwa kuwa na wewe unaitwa Juma.

Kijitabu, haki yake nampa, kimeandikwa na mtu anayejua. Washington ni mahali kaskazini mashariki mwa Uingereza, siku hizi ndani ya Sunderland, na kwa Kiingereza cha kale jina lina maana ya makazi ya Wassa. Katika karne ya 12 bwana mmoja, William wa Hertburn, alibadilishana ardhi na askofu wa Durham, akahamia hapo na kuanza kuitwa kwa jina la mahali. Daftari la askofu la mwaka 1183 linamtaja: kodi yake paundi 4, na askofu akienda kwenye mawindo makuu, yeye aende na mbwa wanne. Hao mbwa tuliwacheka wiki nzima.

Uzao wake ukashuka Lancashire, kisha Northampton, ambako Lawrence Washington, mfanyabiashara wa sufu, alikuwa meya mwaka 1532. Mfalme Henry VIII alipozitwaa mali za watawa, Lawrence akanunua kwake shamba la Sulgrave, mwaka 1539. Kitukuu chake akawa kasisi huko Essex, akafukuzwa mwaka 1643 wakati wa vita vya mfalme na bunge, eti anashinda vilabuni. Mtoto wa kasisi huyo, John, aliingia kwenye biashara ya tumbaku. Mwaka 1657 merikebu yao, Sea Horse, ilikwama kwenye mto Potomac kule Virginia. John akabaki, akaoa. Huyo ndiye baba wa babu yake George.

Ukurasa wa mwisho: "Hivi ndivyo wahenga wako walivyofika Marekani." Wahenga wa nani?

George hakuacha mtoto wa kumzaa. Sensa ya 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina hili Marekani, na karibu asilimia 90 ni weusi. Kijitabu hakikuligusa hilo hata kwa mstari mmoja. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, watu walihitaji jina la pili kwenye makaratasi. Wengine walibaki na la bwana wao, wengine walijitwalia walilolitaka. Booker T. Washington, mwalimu maarufu aliyezaliwa utumwani, ameeleza mwenyewe kwamba alipoanza shule alisikia wenzake wakiitwa kwa majina mawili au matatu, yeye analo moja. Zamu yake ilipofika akamwambia mwalimu: Booker Washington. Basi.

Akaunti ndiyo iliyorudisha hela yangu. Sensa za 1850 na 1860 ziliorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, bila majina yao. Ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wote, na humo tukampata babu wa babu wa mume wangu: miaka 31, kibarua wa shamba, na alama mbili kwenye safu za pembeni, hajui kusoma, hajui kuandika. Mume wangu aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akawa kimya.

Ila jihadharini na vidokezo vya programu. Siku ya pili kilichomoza kimoja kwamba baba wa huyo babu ni mzungu wa Virginia, wa uzao wa Sulgrave. Ukibofya "Kubali" tayari mmekuwa binamu wa rais. Hati hakuna, kimetolewa kwenye mti wa nasaba wa mteja mwingine aliyebahatisha. Niliwaandikia huduma kwa wateja, jibu likaja baada ya siku tisa: kuhakiki ni jukumu la mteja.

Fomu iliyotutoa machozi haikumo kwenye kifurushi. Freedman's Bank, benki ya walioachwa huru, ilifunguliwa 1865 na ikaanguka 1874. Karani alikuwa akimuuliza kila mteja ndugu zake, na mara nyingi bwana wake wa zamani. Rejesta hizo zinapekuliwa bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Kwenye tawi la Vicksburg tulimkuta yule yule babu: jina la mama yake, kaka wawili "waliuzwa Texas kabla ya vita", na jina la bwana, jingine kabisa, si Washington.

Kifurushi nakipa nyota tatu, mbili na nusu ni za akaunti. Akaunti inauzwa peke yake, chukueni hiyo.

Mama mkwe alipokuja Jumapili aliitazama ngao, akaniuliza, "Mwanangu, hawa ndio akina nani?" Nikaitoa, nikaweka nakala ya fomu ya benki ndani ya fremu ile ile. Msumari tumenunua mwingine.