Wiki nane Ocean Road na mama yangu

Tangu mama arudi nyumbani, majirani watatu wameshanipigia simu kuuliza mambo yaleyale kuhusu Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, basi leo naandika yote kwa mara moja. Mama ana miaka 61, tunaishi Morogoro, na alichotibiwa ni saratani ya mlango wa kizazi.

Muda mwingi tuliupoteza kabla hata hatujafika huko. Mama alishakoma hedhi kama miaka kumi nyuma, kisha akaanza kuona matone ya damu. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilimtibu yutiai, ikaja fangasi, ikarudi yutiai. Miezi saba. Hakuna hata mmoja aliyempandisha kitandani akauangalia mlango wenyewe. Mjomba naye alikuwa ameleta mizizi yake, ikachemshwa, ikanywewa. Daktari aliyekuja kumpima kweli alitumia dakika zisizozidi tano, uvimbe ukaonekana kwa macho. Akakata kinyama, tukakaa wiki tatu tukisubiri majibu.

Sasa hapa pa kinyama ndipo nataka mnisikilize. Nilidhani karatasi ya majibu inatosha. Kumbe kinyama kikishachukuliwa hugandishwa ndani ya nta, halafu hukatwa vipande vyembamba mno vinavyopakwa rangi juu ya vioo, na msomaji husoma vile vioo kwa hadubini. Ocean Road walitaka vioo na nta yenyewe ili wasome wao. Nikarudi Morogoro. Maabara wakaniambia aliyeshika ufunguo wa stoo yuko likizo. Safari ya pili ndipo nikakabidhiwa bahasha ya kaki, ndani yake vioo viwili na kidude cheupe kama kipande cha mshumaa, kimeandikwa namba kwa kalamu. Nilikaa kwenye treni ya SGR nimekipakata kama mtu aliyebeba mayai. Mgonjwa wako akikatwa kinyama, siku mnayochukua majibu ulizeni hapohapo vioo na nta mtavipataje.

Ocean Road yenyewe iko ufukweni kabisa, na lile jengo jeupe la Wajerumani lina umri mkubwa kuliko bibi yangu. Taasisi ya saratani kwa jina hili ilianza mwaka 1996. Wagonjwa wanatoka nchi nzima, kwa hiyo asubuhi saa kumi na mbili utakuta benchi limeshajaa. Tulifikia kwa mama mdogo Kigamboni, tukawa tunavuka na kivuko kila siku, shilingi 200, kisha bajaji kutoka Feri. Kwa mgonjwa aliyechoka, kile kinyang'anyiro cha geti la kivuko likifunguliwa ni kazi kuliko matibabu. Tulijifunza kusubiri umati upite.

Kabla ya tiba, vipimo: damu, figo, ultrasaundi, picha ya kifua, siti-skani, na daktari kumpima mama tena kwa mkono. Wakatuambia ni hatua ya 2B. Nikauliza swali ambalo kila mtu ananiuliza mimi sasa, kwa nini wasitoe kizazi tu yakaisha? Daktari akageuza karatasi, akachora kitu kama pea kichwa chini, akapaka wino kwenye shingo yake, halafu akauvuta wino kidogo pembeni. "Ingekuwa imebaki hapa kwenye shingo, tungeongea habari ya kisu. Imeshatoka pembeni, kisu hakitaimaliza, mionzi inafika." Mama akaitazama ile picha, akasema, "Kumbe nimebeba pea." Daktari akacheka kwanza, sisi tukafuata.

Mpango ulikuwa mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Yote yaishe ndani ya wiki nane, wakatusisitiza tusiruke siku, maana tiba ikikatikakatika uvimbe nao unapata nafasi ya kupumua. Mama alichorwa alama za wino nyongani na tumboni ili mashine ilenge palepale kila siku, akakatazwa kuzisugua. Mama yangu ni mtu wa dodoki na sabuni ya mche. Hilo lilimuuma kuliko sindano.

Mionzi yenyewe hauisikii. Unalala, mashine inazunguka, dakika chache umeshashuka. Kazi ni kibofu. Waliagiza aingie kimejaa, kwa kuwa kikijaa husukuma utumbo ukae mbali na mionzi. Basi kila asubuhi mama na chupa yake ya lita moja ya plastiki, anakunywa, halafu anakaa amebana miguu. Ukiona kina mama wamekaa kimya wameangalia ukuta, ujue wanabana mkojo. Kuna mmoja alichekeshwa na mwenzake akakimbilia chooni, ikabidi aanze upya na maji.

Siku ya dripu ilikuwa ya kutwa nzima, kwa sababu sisplatini hukaba figo na maji mengi lazima yatangulie na yafuate. Kila wiki damu ilipimwa kwanza. Wiki ya tatu damu ilikuwa imeshuka, akaongezewa chupa mbili, ndugu tukachangia. Kuharisha kulianza wiki hiyohiyo, akabaki na uji mwepesi na ndizi. Lakini ile damu ya miezi saba ilikata mwishoni mwa wiki ya pili. Aliniambia gizani, tukiwa tumelala, kwa sauti ya kunong'ona kama anayeogopa itasikia irudi.

Mionzi ya ndani ndiyo niliyoiogopa zaidi, maana vifaa vinaingizwa hadi kwenye mlango wenyewe. Alifanyiwa mara tatu. Sista aliyemuandaa alimuamkia, akamweleza kila kitu kabla ya kukifanya, na alipoona mama anatetemeka akamfunika miguu kwa kanga. Kwangu huyo sista ni nyota tano peke yake.

Benchi nalo ni darasa. Mzee wa kansa ya umio analishwa kwa mpira wa tumboni na bado anasimulia mpira wa Yanga. Kijana mwenye ualbino alikifunika kidonda cha sikio kwa kofia miaka miwili. Dada wawili wa kansa ya matiti, wamekaa bega kwa bega, mmoja ana vidonge vya tamoksifeni na mwingine hana, kwa kuwa kinyama cha mmoja kilionyesha inalishwa na homoni na cha mwingine hapana. Wakaacha kuulizana "mbona mimi sijapewa?" baada ya kuelezwa hivyo.

Gharama siwezi kuwatajia, bima na vipimo vinatofautiana. Kilichotumaliza sisi ni chakula, bajaji na siku zangu za kazi.

Mama sasa anarudi kliniki kila baada ya miezi mitatu. Alama za wino zimefutika, dodoki limerudi kazini. Ile chupa ya lita moja nilitaka kuitupa, akaninyang'anya. Iko jikoni, ameitia mafuta ya alizeti.