Hohner Special 20 na mzee fundi wa saa hapa Jubilee: hamonika inafaa ikubali pumzi yako

Niseme mapema tu, Special 20 ni hamonika poa vile inatoka kwa boksi, lakini kiwandani hawajui wewe unapuliza aje. Wanaweka ridi, zile ulimi nyembamba za chuma zinazotetemeka kutoa sauti, kwa kipimo cha katikati, msee wa kupuliza kwa nguvu anapata noti zinanyamaza, msee wa kupuliza pole anapata noti zinachelewa, alafu wote wawili wanasema chombo ni mbaya. Kwa hivo hii rivyu ni ya vitu mbili, hamonika yenyewe na huyu mzee fundi wa saa upande wa soko la Jubilee hapa Kisumu ambaye hunirekebishia, juu nikiongea moja bila ingine utakuwa umepata habari nusu.

Chombo kwanza. Hohner ni Wajerumani wa Trossingen, wako kwa hii kazi tangu 1857. Special 20 iko na matundu 10 na ridi 20, kila tundu ridi moja ya kupuliza na moja ya kuvuta. Kichana, ule mwili wa katikati, ni plastiki, na kwa mtu anaishi kando ya ziwa hiyo ni sababu kubwa sana. Kuna Marine Band, ile ya tangu 1896, kichana yake ni mbao ya mpea na sauti yake tamu kweli, watu wa blues wameipenda miaka na miaka, lakini mbao ikikunywa mate na huu unyevu wetu inafura mpaka meno ya kichana yanatokeza mbele na kukwaruza midomo. Ukitaka mbao lazima, tafuta Marine Band Crossover, hiyo ni mwanzi uliozibwa maji yasiingie. Special 20 pia pleti zake za shaba, zile bati ridi zimefungwa kwazo, zimezama ndani ya plastiki, hazitokezi, so mdomo unateleza vizuri hata ukicheza muda mrefu.

Na tafadhali usichanganye na zile ndefu za matundu mengi unaona zimepangwa kwa maduka. Nyingi ni tremolo, kila noti ni ridi mbili zimetofautishwa kidogo ndio sauti itetemeke. Ni nzuri kwa nyimbo za Krismasi na kwa masikio yangu inafanana na ile onanda, kodiani ya wazee wa Nyanza, lakini kubendi noti, yaani kuishusha kwa mdomo na pumzi, kwa hiyo karibu haiwezekani.

Sasa mzee. Kilichonifurahisha ni kwamba hakuifungua kwanza. Aliniambia "nyathina (mtoto wangu), piga nisikie vile unavuta," nikapiga, akanyamaza, akasema nirudie tundu la pili na la tatu tu. Hapo nikajua niko mahali pazuri, juu hayo ndio matundu yanasumbua kila mtu. Mimi navuta ngumu, napenda kubendi tundu la tatu mpaka chini kabisa, na ridi ikiwa imelala karibu sana na pleti pumzi kali inaisukuma inajifunga, kimya. Alivaa ile lenzi yake ya jicho, akatoa skrubu, akainua ncha ya ridi kidogo sana. Kipimo anachofuata ni kwamba gepu, ile nafasi kati ya ridi na pleti, kwa ncha iwe karibu unene wa ridi yenyewe, zile ndefu za noti za chini zipate zaidi kidogo, zile fupi za juu zipunguziwe. Alafu unajaribu hapo hapo, anapunguza, unajaribu tena, mpaka ikubali.

Kitu wengi hawajui, ukivuta ukibendi si ridi moja inafanya kazi. Ile ya kuvuta inashuka na ile ya kupuliza kwa tundu hilo hilo inaamka kusaidia, so ukirekebisha moja ukaacha mwenzake umefanya kazi bure. Mzee huyu si mwanamuziki lakini alielewa haraka sana nilipomweleza, alishika zote mbili. Upande ule mwingine, rafiki yangu anapuliza pole na anataka ovabulo, ile mbinu Howard Levy wa Marekani aliionyesha watu kuanzia karibu 1970, unapuliza tundu la sita na kwa hamonika ya C inatoka noti ya si bemoli (B flat), ambayo kwa oktava hiyo ya katikati huipati ukipuliza au kuvuta kawaida. Yake aliwekewa gepu nyembamba za pande zote mbili. Nikashika hiyo yake nikavuta vile nimezoea, ikaniziba papo hapo. Hamonika ya aina moja, kii moja, na hatuwezi kuazimana.

Kama unacheza kwa kufunika matundu na ulimi badala ya kubana midomo, mwambie apitishe msasa laini kwa kona za kichana, ulimi wako utashukuru.

Lakini kazi yake ya maana zaidi kwangu ni ya kanisani. Wale mmeimba kwaya kwa solfa mtanielewa: hizi hamonika za matundu kumi, oktava ya chini haina fa na haina la. Unazipata kwa kubendi tu, na kubendi noti ya "la" safi katikati ya wimbo wa polepole wakati kwaya yote imetulia ni presha. Dawa iko, tundu la tatu la kupuliza ni so, na so hiyo hiyo iko tundu la pili ukivuta, kwa hivo ya tatu unaipandisha iwe la na hujapoteza kitu cha maana. Wachezaji wa nyimbo za Ireland wanaitumia sana. Unakwangua ridi kwa ncha, noti inapanda. Ukikwangua kwa mzizi karibu na ribiti, ule msumari unaoshika ridi kwa pleti, noti inashuka. Mzee aliweka kipande chembamba cha chuma chini ya ridi isijikunje, akakwangua kidogo kidogo, mimi nimeshika simu yenye programu ya tyuna, mpaka mshale ukasimama kwa la. Sasa hiyo "la" inatoka bila kubahatisha, na nikicheza na jamaa wa gitaa la omutibo, ule mtindo wa Waluhya, melodi za chini zinatoka vile zinaimbwa. Hiyo nilifanyia hamonika ya pili, ya kwanza niliiacha kawaida.

Malalamiko yangu ni machache. Ridi za shaba zinachoka, hasa ukivuta kama mimi, noti inaanza kushuka na mwisho inakatika, na mzee hana ridi za kubadilisha moja moja. Uzuri Hohner wanauza pleti peke yake, unaweka kwa kichana ile ile. Ukiwa na pesa zaidi kuna Seydel 1847, ridi zake ni chuma cha pua. Pia foleni kwa mzee ni ya watu wanaoleta saa, usiende Jumamosi mchana.

Gepu alinilipisha mia tano, kubadilisha noti zaidi kidogo, na anapokea M-Pesa. Usiende na hamonika umetoka kula nayo njugu, isuuze na ipigepige kwa kiganja maji yatoke. Anza na hamonika ya kii ya C, gitaa likiwa kwa kii ya G unacheza nayo kwa kuvuta. Tremolo pia anaguza, kromatiki zile za kitufe alikataa.