Kaskana ka Bluetooth ka kusoma kodi za gari: kanasoma vizuri, ila injini ikigonga usikaamini peke yake

Haka ni kale kaskana kadogo ka kuchomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, zile zinazoandikwa ELM327 mgongoni, unaunganisha na simu kwa Bluetooth halafu programu inakusomea kodi (sio ya nyumba jamani, zile namba za hitilafu). Nimekatumia zaidi ya nusu mwaka, na sikukanunua kwa raha, nilikanunua kwa sababu injini ilikuwa inagonga na nimechoka, kila fundi na lake.

Gari ni ya petroli, silinda 4. Asubuhi ukiwasha iko poa, ikishapata moto inaanza ko ko ko ko kwa chini, ukikanyaga mafuta mlio unapanda na resi. Taa ya cheki injini nayo ikawaka. Fundi wa kwanza akaja na mashine yake kubwa akafuta kodi bila hata kuniambia ilisomaje, taa ikazima, akasema imepona. Kesho yake taa hiyo hapo, na mlio wenyewe haukuwahi hata kupungua. Kitu ambacho nilikuwa sijui ni kwamba ukifuta kodi unafuta na ile kumbukumbu ya resi, joto na mwendo wa gari wakati kosa linatokea, yaani ushahidi wote kwisha. Sasa hivi kabla hajagusa mtu napiga picha kwanza.

Kuunganisha ni dakika mbili, PIN ya kwangu 1234. Wa iPhone mtafute ya Wi-Fi au yenye Bluetooth LE, hizi za kawaida hazitakubali. Na ukiona imeandikwa toleo 1.5 jua ni kopi, Elm Electronics wenyewe, waliobuni chipu ya ELM327, hawakuwahi kutoa toleo hilo. Yangu ni kopi pia, sifichi, na kwa kodi za injini inafanya kazi, ila ABS (mfumo wa breki) na airbag haioni kitu.

Basi nikasoma, ikaleta P0327. Hiyo P ni mambo ya injini na gia, ile 0 inayofuata ni kodi ya magari yote sio ya kampuni moja, na zilizobaki maana yake umeme unaotoka kwenye sensa ya noki (noki ndio kugonga) uko chini kuliko unavyotakiwa. Programu ikaandika hapo chini, badilisha sensa ya noki. Injini inagonga, kodi inataja noki, nikasema si hii hapa! Nikanunua sensa, ikafungwa. Kodi ileile, mlio uleule, hela imeenda.

Ile sensa ni sikio lililofungwa kwa bolti kwenye bloku, ndani ina kijiwe kinachotoa umeme kikitikisika. Kazi yake ni kusikia mafuta yakilipuka vibaya ndani ya silinda, kile kimlio cha changarawe kwenye kopo ukiwa unapanda mlima na gia kubwa, ili kompyuta ya gari irudishe nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Kwa hiyo P0327 haisemi injini inagonga, inasema sikio halisikii. Unaweza ukawa na injini nzima kabisa ukaipata kwa sababu ya waya tu, na mwenzako beringi zimekwisha na kodi hana hata moja, maana hakuna sensa ya kupima beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti inayozunguka chini ya injini). Hili programu haikwambii, na hapo ndipo nimekapunguzia nyota moja.

Aliyepata ugonjwa ni mzee mmoja fundi. Nikamwambia mzee, skana inasema sensa. Akaniambia, "Kijana, hebu weka simu mfukoni kwanza." Akachomoa kijiti cha oili, kikavu karibu chote, oili imegusa ncha tu (aibu yangu, sikuwa naangalia). Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku mpini sikioni, akasogea sogea. Halafu injini ikiwa inaunguruma akawa anachomoa soketi za injekta (vile vinavyopulizia mafuta kwenye silinda) moja moja. Ya kwanza, mlio upo. Ya pili upo. Ya tatu ukafifia ghafla kama mtu kaufunika na blanketi, akarudisha, ko ko ko, akachomoa tena, kimya. Akanitazama tu. Maana yake silinda ile isipochoma mafuta pistoni haisukumwi kwa nguvu, ule uwazi kwenye beringi haupigwi.

Tukamwaga oili kwenye beseni, juani inametameta kama rangi ya kucha. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikashushwa, beringi ya namba 3 imeliwa mpaka shaba inaonekana. Krenki ikaenda kuchongwa, beringi zikaja za saizi inayofuata, na ile kodi ilikuwa ugonjwa wa pili kabisa, waya wa sensa umetafunwa na panya karibu na soketi. Sensa yangu ya zamani ilikuwa nzima!

Baada ya hapo ndio nikaanza kukapenda. Ile sehemu ya data za papo kwa papo ni tamu kuliko kodi zenyewe, waya ulipokuwa umekatika gari ilikuwa nzito kwa sababu kompyuta ikikosa sikio inarudisha taimingi nyuma kwa tahadhari, na baada ya kuunga waya nikaona digrii za taimingi zinapanda kwenye grafu na gari imekuwa nyepesi kweli. Ila taa nyekundu ya oili ikiwaka huku inagonga usianze kutafuta simu uunganishe Bluetooth, zima gari hapohapo.

Nne kwa tano. Na msikaache kamechomekwa, ile soketi ina umeme hata gari ikiwa imezimwa. Niliacha siku kadhaa, naenda kuwasha nasikia tik tik tik tik, roho ikaruka, nikajua krenki tena. Kumbe betri.