Muhuri wa elfu hamsini, na fundi aliyekuja na mega

Nyumba yetu ya Kikuyu, hapa Dodoma, ilifungwa umeme enzi za CDA, ile mamlaka ya zamani ya kuendeleza mji huu. Nyaya zake ni nyekundu na nyeusi, na meni swichi ilikuwa ya fyuzi zile unazofunga uzi mwenyewe ikiungua. Miaka yote hiyo haikunisumbua, kwa sababu jikoni tulikuwa na taa moja na soketi moja ya friji. Tulipikia mkaa na gesi.

Mwezi wa tatu nikavunja ukuta wa stoo kupanua jiko. Nilitaka kuachana na mkaa kabisa, kwa hiyo nikanunua jiko la umeme la pleti mbili, oveni ndogo na jiko la presha. Fundi wa mtaani, kijana mwenye adabu na mikono myepesi, akachonga ukuta, akapitisha paipu, akafunga soketi sita. Marumaru zikafuata. Jiko likapendeza hadi jirani akaja kupiga picha.

Wiki ya pili dada wa kazi akaniambia, "Mama, hili bomba linanitekenya." Nikamwambia ni baridi. Siku ya tatu nikaligusa mwenyewe nikiwa pekupeku, mkono mmoja umeshika mlango wa oveni. Haikuwa baridi, ulikuwa umeme.

Fundi wangu alikuja, akakaza skrubu mbili, akasema ni "ethi tu", yaani ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Neno "tu" ndilo lililoniamsha. Nikaanza kutafuta mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayowapa leseni mafundi umeme, aje akague na kunipa cheti. Unapoomba umeme mara ya kwanza, TANESCO wanataka mchoro wenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Lakini nyumba ikishakuwa na mita ya LUKU na ukaongeza jiko, hakuna anayebisha hodi kukuuliza kitu. Unajitafutia mwenyewe.

Wa kwanza kupatikana alinipa bei kwa simu: elfu hamsini. Nikamuuliza anakuja lini. Akacheka. "Dada, kuja kufanya nini? Nitumie picha ya meni swichi, jioni nakuletea karatasi imegongwa muhuri." Alishangaa kwa dhati nilipokataa. Naamini kuna droo nyingi mjini hapa zenye karatasi za namna hiyo, na wenye nyumba wanalala wakiamini wamekaguliwa.

Wa pili, ambaye huduma yake ndiyo ninayoieleza hapa, alitaka laki moja na themanini, vifaa mbali. Nilinuna. Nikamwomba leseni, akaitoa bila kukunja uso. Nikaangalia daraja na tarehe ya mwisho, zote ziko sawa. Alichelewa siku mbili, na hilo silisamehe maana niliomba ruhusa kazini bure. Lakini alipofika alikaa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, na kazi yenyewe nimeipenda.

Kabla ya kugusa kitu alizima meni, akafungua soketi zote sita. Moja ilikuwa imefungwa kinyume, laivu (waya unaoleta umeme) ilipotakiwa kuwa nyutro (waya wa kuurudisha): kijana aliunga nyaya mpya za kahawia na bluu kwenye zile nyekundu na nyeusi za zamani, akakisia. Kisha akachukua mega, kipimo kinachosukuma volti 500 ndani ya nyaya kuona kama zinavuja. Inatakiwa isome angalau megaohm 1. Laini ya upande wa sinki ilisoma 0.3. Tukafuata paipu hadi nyuma ya sinki, tukakuta maungio yamefungwa selotepu na kuzikwa kwenye plasta yenye unyevu. Marumaru nne zilivunjwa. Nilizihesabu moja moja, kila moja na bei yake.

Halafu hesabu, akaniandikia kwenye boksi la saketi breka. Oveni wati 2,400, jiko 2,000, jagi la umeme 2,000. Jumla 6,400, gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 28. Vyote vilikuwa vinanyonya kwenye waya mmoja wa milimita za mraba 2.5, na juu yake breka ya ampea 32. "Breka hii haianguki, mama. Waya utaungua kabla yake." Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba breka kubwa ni hatari kuliko ndogo, dukani waliniuzia kama heshima, bora zaidi. Akatoa laini ya 6 kwa ajili ya jiko na oveni na kuipa ile breka ya 32, soketi nyingine akazishushia breka ya 20.

Mwisho ethi. Tulichimbua tukakuta kipande cha nondo ya ujenzi kisichofika hata mita. Kipimo kilisoma ohm 160, na hapo ni mwezi wa nne, udongo bado una maji. Maana yake ni kwamba umeme ukigusa bati la oveni, kinachopita kwenda ardhini ni kama ampea moja na nusu. Breka ya 32 haiwezi hata kuhisi. Bati linabaki na umeme likimsubiri mtu wa kuligusa, na huyo mtu nilikuwa mimi. Akashindilia fito mbili ndefu za ethi, zenye ngozi ya shaba, akiziacha mbalimbali, kipimo kikashuka hadi 70. Nilimuuliza kuhusu chumvi na mkaa, dawa ya wazee. Akasema inasaidia kwa muda, lakini chumvi huondoka na mvua na kabla ya kuondoka inakula chuma. Kilichonilinda zaidi ni RCCB aliyoifunga, swichi ya usalama ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha T cha kuijaribu. Yenyewe haisubiri ampea nyingi. Ikiona umeme uliotoka haurudi wote, inakata. Aliipima kwa mashine mbele yangu, ikakata papo hapo. Sasa nabonyeza T mwenyewe kila mwezi, na watoto wanalalamika TV imezimika.

Cheti alikijaza baada ya kila kipimo kurudiwa: namba ya kila laini, unene wa waya, breka, megaohm, ohm za ethi, jina lake na namba ya leseni. Mwandiko wake ni wa daktari, nikamlazimisha arudie ukurasa wa pili. Risiti nayo niliifuatilia siku tano kwa simu.

Kwa hiyo ufundi nampa tano kati ya tano, kutunza muda mbili. Pamoja na vifaa na marumaru nilitumia kama laki sita na nusu, zaidi ya nilichomlipa yule kijana mwanzoni. Kijana mwenyewe nilimwita siku ya ukaguzi aje aone. Alikuja, akasimama pembeni kimya, mchana akawa ndiye anayeshika waya wa kipimo.

Dada wa kazi aliendelea kufungua bomba kwa kitambaa wiki nzima. Septemba fundi anarudi kupima ethi tena, udongo wa Dodoma ukiwa umekauka kama kigae. Tumeshakubaliana elfu thelathini, na safari hii nimemwambia akichelewa nakata elfu kumi.