Miezi minane na kipimo cha maji cha matone kwenye tangi langu la biofloki

Nilipoanza kufuga sato kwa biofloki, yaani kwenye tangi ambamo bakteria wanakula uchafu wa samaki, hapa Nzuguni, Dodoma, nilinunua kwanza vipimo vya karatasi kwa sababu ni rahisi. Unachovya, unalinganisha rangi, basi. Rangi zote zilikuwa shwari huku samaki wakisusa chakula. Nikaja kugundua kuwa pakiti niliyouziwa haikuwa na kipimo cha amonia, ile taka ya samaki inayoweza kuwaua, hata kidogo.

Ndipo nikaagiza kasha la matone kutoka Kariakoo, likaja na basi. Unajaza maji mililita 5 kwenye kitubu, unatia matone manane kutoka kila chupa kati ya zile mbili za amonia, unatikisa, unasubiri dakika tano. Ikibaki njano uko salama. Yangu siku ile iligeuka kijani, miligramu 2 kwa lita. Na maji ya kisima changu yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 8.2. Hapo ndipo kwenye hatari, maana pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara kumi. Anayetumia maji yenye pH 7 angeiona namba hiyo hiyo na kulala usingizi.

Uzuri wa kuwa na namba ni kwamba unaweza kupiga hesabu. Tangi langu la turubai lina kipenyo cha mita 4 na maji ya kina cha mita 1, yaani kama lita 12,500. Miligramu 2 kwa lita ni gramu 25 za amonia. Bakteria wanahitaji sukari takriban gramu 20 kwa kila gramu moja ili waile, kwa hiyo nusu kilo. Molasi ilikuwa imeisha, nikachukua sukari ya chai jikoni. Mama watoto hajanisamehe, na babu jirani, mfugaji wa ng'ombe, bado ananiuliza kama samaki wameshakunywa chai.

Kosa langu ni kuimwaga yote kwa mkupuo, tena jioni. Bakteria wakishiba sukari wanavuta oksijeni kwa kasi. Saa nane usiku samaki wote walikuwa juu wakitweta, midomo nje ya maji, na umeme ulikuwa umekatika kwa dakika ishirini tu. Asubuhi niliokota kumi na saba. Kasha hili halipimi oksijeni, na hakuna mahali lilipoandika tahadhari hiyo. Siku hizi sukari naikoroga kwenye ndoo, naigawa mara tatu, na ya mwisho inaingia kabla ya saa nane mchana. Blowa, mashine ya kupuliza hewa majini, nayo nimeifungia inveta ili umeme ukikatika isizime.

Kero nyingine: maji ya biofloki ni ya kahawia, na ukiyapima hivyo hivyo kadi ya rangi inakudanganya. Acha yatulie kwanza, kisha chuja kwa pamba. Soma rangi nje, kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya njano.

Tope lenyewe, yaani mabonge ya bakteria na uchafu yanayoelea majini, nalipima bure kwa chupa ya maji ya lita moja niliyoikata kitako na kuigeuza, kizibo chini. Baada ya dakika ishirini, kwa sato nataka tope la mililita 25 hadi 50. Likizidi hapo natoa kidogo na kumwagia mchicha. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku wa Dodoma inapopoza tangi, samaki wanakula kidogo, nami napunguza chakula na sukari kwa pamoja.

Kipimo hiki cha matone nakipa nyota nne. Chupa za amonia ndizo zinazoisha mapema. Zangu zimebakiza matone ya wiki mbili, na muuzaji hataki kuniuzia hizo peke yake, anataka ninunue kasha zima. Nyota ya tano nimemnyima hapo.